RABA YA LAKI SABA, PUMZI YA BUKU: NANI KAWADANGANYA WAKIMBIAJI WA JANUARI?

Moshi ina misimu miwili ambayo hata mgeni anaijua. Desemba ni ya watu kurudi migombani, na mwisho wa Februari ni wa mbio. Mwezi wa kwanza ukiingia tu, barabara za Shanty Town alfajiri zinajaa watu ambao mwaka mzima hawajakimbia hata kuiwahi daladala. Magrupu ya WhatsApp yanafunguliwa, klabu za jogingi zinapata sura mpya, na Kibo anapigwa picha asubuhi nzima mpaka anajifunika mawingu kwa aibu.

Hakuna ubaya hapo. Kijana anayeamka saa 11 alfajiri kwenda kupiga tizi, badala ya kuwa ndo anatoka kiwanja muda huohuo, ni habari njema kwa mji wowote.

Ubaya uko chini. Waangalie miguuni.

HIZI RABA ZENYEWE NI ZIPI?

Raba zinazozungumzwa hapa zina soli nene kama kipande cha mkate, rangi za kuwaka ambazo mtu anaziona akiwa Majengo zikipita Rau, na ndani ya soli kuna bamba gumu la kaboni lililopinda kidogo kama kijiko. Juu na chini ya hilo bamba kuna povu jepesi sana, linabonyea na kurudi. Ndizo raba za kaboni.

Zilianza kuwa gumzo la dunia 2017, mwaka ambao Eliud Kipchoge alizivaa kule Monza, Italia, akamaliza kilomita 42 kwa 2:00:25. Oktoba 2019, mjini Vienna, akavaa toleo jipya zaidi na kushuka mpaka 1:59:40. Dunia ikashika kichwa. Mwanzoni mwa 2020 shirikisho la riadha la dunia likaona mambo yanaelekea pabaya, likaweka sheria: raba ya mbio za barabarani isizidi soli ya milimita 40, na bamba ndani liwe moja tu.

Yaani ni kifaa ambacho wenye riadha yao walilazimika kukitungia sheria ili mbio zibaki kuwa mbio. Halafu mtu wa wiki ya tatu anakivaa kwenda kutembea Mweka.

Bei nayo si ya kitoto. Toleo lile la 2017 lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 250. Geuza kwa shilingi, ni zaidi ya laki sita, hapo bado usafiri na bado faida ya muuzaji wa Insta. Ndo maana ukisikia laki saba usishtuke. 2023 kampuni nyingine ikaja na raba ya dola 500, nyepesi ajabu, gramu 138 tu. Ndiyo aliyovaa Tigst Assefa wa Ethiopia kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake Berlin kwa 2:11:53. Waliyoitengeneza wenyewe walisema hiyo raba ni ya marathoni moja tu na mazoezi kidogo ya kuizoea. Zaidi ya milioni moja ya kibongo kwa kiatu cha siku moja! Wenye kazi yao wanajua wanachokinunua. Je, wa Januari anajua?

STAA WA MLIMA NYUMA

Sasa mhusika mkuu. Jina kapuni, ila wanaomfuatilia watamjua kabla ya kumaliza aya hii.

Ni yule mwenye maelfu ya wafuasi, anayeposti kila asubuhi mlima ukiwa nyuma na raba zikiwa mbele. Mbio zenyewe ni za kawaida tu, na hilo si kosa. Ni mchangamfu, mwili anao, na amewatoa watu wengi kitandani. Apewe haki yake.

Ila tangu mwaka jana, kila anayemuuliza aanzeje kukimbia anapata jibu lilelile: anza na ya kaboni moja kwa moja, usipoteze muda na hizo nyingine. Chini ya video kuna namba ya muuzaji. Muuzaji naye jina kapuni, ni mangi mmoja asiye na duka wala fremu, duka lake ni simu na begi. Mangi anauza, staa anapata chake, maisha yanakwenda.

Kuna vitu viwili staa haposti. Cha kwanza, jozi tatu anazopigia picha hajanunua hata moja. Cha pili ndo kinauma zaidi: tizi lake la kila siku, lile lisilo na kamera, analipiga na raba ya kawaida iliyochoka mpaka inaona haya. Ya kaboni inatoka siku ya picha na siku ya mbio.

Anajua, basi. Mwili wake anautunza kwa raba ya kawaida, wafuasi wake anawauzia ya kasi.

DADA WA SALUNI

Mmoja wa waliomsikiliza ni dada wa saluni kule Pasua. Kazi yake ni kusuka, na kusuka ni kusimama, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka mteja wa mwisho atakapoondoka usiku. Alianza kukimbia Januari kama wengine. Kilomita 2, halafu 3, anatembea kidogo, anakimbia kidogo. Raba yake ilikuwa ya mtumba wa Memorial, alitoa elfu 25 baada ya kubishana sana. Mwili ulishaanza kukubali. Alikuwa analala vizuri, hata mgongo ulikuwa umeacha kumsumbua.

Kisha akakutana na ile video. Kwa mara ya kwanza akaiona raba yake ni ya kishamba.

Hela ya kikoba ikatoka, ikaongezewa mkopo wa simu, zile zinazoitwa kausha damu kwa sababu zinakausha kweli. Jozi ikafika. Picha zikapigwa, na ukweli usemwe, alipendeza. Kwa kuwa raba ilikuwa inadunda na inampa raha, akaongeza umbali haraka: 3 ikawa 6, 6 ikawa 12. Wiki ya tatu yakaanza maumivu juu ya unyayo, ya kuchoma, yanayokuja akikimbia na kupoa akikaa. Kwenye grupu akaambiwa ni ya kuzoea, akaze. Akakaza.

Siku ya mbio alirudi mjini na boda kabla hata ya kufika kwenye kigeuzio cha Mweka. Hospitali wakamwambia mfupa umechoshwa, usikanyagwe wiki sita. Wiki sita kwa mtu anayelipwa kwa kichwa alichosuka! Kiti chake saluni akakalia mwingine. Kikoba bado kinamdai. Raba ziko kwenye kundi la kuuza na kununua, na kila anayeuliza bei anataka nusu.

Staa alipofikishiwa habari, jibu lake likawa kwamba kila mwili na wake. Sawa kabisa. Sasa mbona ushauri ulikuwa mmoja kwa miili yote?

NDANI YA SOLI KUNA NINI?

Hii raba haina uchawi. Povu linarudisha nguvu inayowekwa. Anayekimbia kwa kasi anakanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi sana, povu linabonyea vizuri na kumrudishia sehemu kubwa ya alichoweka. Lile bamba lililopinda linambingirisha mbele, kwa sababu mwili wake tayari uko mbele.

Mwenye mwendo wa taratibu anapata kitu kingine. Anatua kama juu ya godoro, mguu unakaa chini muda mrefu, na godoro linayumba. Kifundo cha mguu ndo kinaachiwa kazi ya kuzuia huko kuyumba, hatua baada ya hatua, maelfu kwa maelfu. Dada yeyote aliyewahi kupita na mchuchumio kwenye barabara ya mawe anaelewa bila kuchorewa. Soli ya sentimita 4 ni mchuchumio wa michezo, tofauti ni kwamba huu umeinuka mbele na nyuma.

Bamba nalo linazuia vidole kujikunja. Kazi iliyokuwa inafanywa na vidole na misuli midogo ya unyayo haipotei, inahamishiwa sehemu nyingine ya mguu. Mkimbiaji wa miaka 10 ana mifupa na kano zilizokwisha kujengwa kwa kazi hiyo. Wa Januari ana pumzi inayokua haraka na mifupa inayokua taratibu. Hapo ndipo mtego ulipo: moyo na mapafu vinakubali ndani ya wiki chache, mifupa na kano zinataka miezi. Raba inayodunda inamfanya asikie kwamba anaweza kabla mguu haujaweza.

Si maneno ya kijiweni haya. 2023 madaktari wa michezo walichapisha taarifa ya wakimbiaji watano waliopata majeraha ya kuchoshwa kwa mfupa mmoja mdogo wa katikati ya mguu, wote wakiwa wametumia raba za kaboni. Watano ni wachache na hawathibitishi kwamba raba ndiyo iliyovunja. Madaktari wenyewe walikuwa waangalifu. Walichoshauri ni kitu kimoja cha busara: mtu akihamia kwenye raba hizi ahamie kidogo kidogo. Kidogo kidogo ndo neno ambalo haliko kwenye video za staa.

Na Moshi ina la kwake. Nusu marathoni ya Kili inatoka Chuo cha Ushirika, barabara ya Sokoine, inapanda kuelekea Mweka katikati ya migomba na kahawa, kisha inageuka na kuteremka. Kwenye kupanda, mwanzoaji anatembea, na kutembea hakuamshi bamba lolote. Kwenye kuteremka anajiachia, miguu imechoka, soli ndefu na laini, barabara inamvuta. Hakuna sehemu mbaya zaidi ya kujifunzia kiatu kinachoyumba.

DAKIKA MOJA KWA LAKI SABA

Njoo kwenye namba, maana namba hazina mapenzi.

Raba ile ya 2017 iliitwa kwa jina la asilimia 4, ikimaanisha nguvu ambayo mkimbiaji anaokoa. Wengi wameimeza hiyo 4 bila kuuliza ilipimwa kwa nani. Ilipimwa kwa wanaume 18 wenye uwezo wa kumaliza kilomita 10 kwa dakika 31 hivi, wakikimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Hao si watu wa Januari. Hao wakianza nao pale Ushirika, staa atawaona migongo kwa sekunde 20 tu.

Utafiti mwingine uliochapishwa 2023 ukashuka kwa watu wa kawaida. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, faida ikawa wastani wa asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa, asilimia 0.9. Na huo ni wastani, kuna waliotumia nguvu nyingi zaidi wakiwa na raba ya kasi kuliko ya kawaida.

Piga hesabu ya juu juu. Anayekwenda kilomita 10 kwa saa bila kusimama anamaliza nusu marathoni kwa kama saa 2 na dakika 6. Asilimia 0.9 ya hapo ni dakika moja na sekunde chache. Dakika moja! Selfi mbili na foleni moja ya maji zimeshaila. Na wengi wa mwaka wa kwanza hawaendi hata hizo 10. Anayemaliza kwa saa 3 anakwenda kilomita 7 kwa saa. Huko utafiti huo haukufika.

Sasa mlete Alphonce Simbu. Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, askari huyu wa JWTZ, mtoto wa Singida, alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye 2:09:48. Ikabidi waangalie picha ya mstari wa mwisho: tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo.

Hapo ndipo asilimia moja inapokuwa na maana. Kilomita 42 zinaamuliwa na muda usiotosha kupepesa jicho, kila kitu ni halali kuhesabiwa, kuanzia kamba za viatu. Ila kumbuka Simbu alichukua shaba London 2017. Kutoka shaba hiyo hadi dhahabu ni miaka 8, na kabla ya hiyo shaba kulikuwa na miaka mingine ya vumbi. Kasi ilikuja kwanza, asilimia ikafuata.

Hili si la mbio peke yake. Huko Marekani na Ulaya kuna mchezo wa kurusha visahani, unarusha kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, wanauhesabu kama gofu. Wana visahani vya taratibu na vya kasi. Mgeni wa mchezo akienda dukani anakimbilia cha kasi kwa sababu ndicho wanachorusha mabingwa. Akikirusha, mkono wake hauna kasi ambayo kile kisahani kinaihitaji, kinakata kona mapema na kudondoka vichakani. Cha taratibu, kile alichokidharau, kingemfikisha mbali zaidi na kunyooka. Wazoefu wao wanawaambia wageni jambo moja: jenga mkono kwanza. Mchezo tofauti, ugonjwa uleule.

WATETEZI NAO WANA LAO

Wapo watakaosema pesa ni ya mtu, anunue anachotaka. Kweli. Mwenye laki saba yake ya ziada avae hata jozi mbili kwa pamoja. Hoja haimhusu yeye. Inamhusu aliyekopa kwa sababu ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba bila hiyo raba hawezi kuanza.

Watasema raba nzuri inamtia mtu moyo. Nayo kweli. Mtu akipendeza anaamka. Ila raba ya kawaida ya mazoezi nayo ina rangi nzuri, na picha haipimi kaboni. Kinachomtoa mtu kitandani mwezi wa saba, mbio zikiwa zimeshasahaulika, ni mguu usiouma.

Watasema soli nene inalinda magoti. Kuna raba zenye soli nene na laini zisizo na bamba, pana chini, zisizoyumba. Anayeogopea magoti achukue hizo, bei yake iko chini.

Na watasema hii ni chuki na wivu wa kishamba. Hiyo ndo hoja ya mwisho ya kila aliyeishiwa hoja.

BASI LINI?

Jibu lipo, na si la kukataza watu maisha yao yote. Raba ya kasi ina wakati wake. Wakati huo hauji na mshahara, unakuja na mguu.

*Miezi kwanza.* Mtu awe amekimbia angalau miezi sita, siku tatu au nne kwa wiki, bila kukatishwa na maumivu. Mwaka mzima ni bora zaidi. Wiki sita kabla ya Kili hazihesabiki.

*Kasi ya pili.* Awe anamaliza kilomita 10 za tambarare chini ya dakika 50 kwa raba ya kawaida. Hiyo ni kilomita 12 kwa saa, mahali ambapo faida inaanza kuonekana kidogo. Chini ya hapo analipia rangi.

*Kigimbi kipimwe.* Asimame mguu mmoja, anyanyue kisigino taratibu na kushusha, mara 25, kisha mguu wa pili. Akifika 12 anashika ukuta, mguu bado. Kipimo hiki ni bure, kinafanyika hata jikoni maharage yakichemka.

*Njia ijulikane.* Awe ameshamaliza nusu marathoni moja kwa raba ya kawaida, amepanda Mweka na kuteremka, amejua wapi panauma. Mbio ya kwanza ni ya kumaliza na kula mtori.

*Kisha polepole.* Vigezo vikitimia, raba ya kasi ivaliwe mara moja kwa wiki, kilomita 3 mpaka 5, kwenye tambarare, siku ya mazoezi ya kasi tu. Siku nyingine zote raba ya kawaida. Isivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio, hata kama sanduku linanukia upya. Maumivu ya juu ya unyayo au ya kano ya kisigino yakija, inavuliwa siku hiyohiyo, si baada ya kukaza.

*Isikopwe.* Hiki ndicho kigezo ambacho hakina mjadala.

Na kwa wa Januari mwenye elfu 30 mkononi, Memorial na Kiboriloni bado zipo. Aangalie kisigino hakijalika upande mmoja, aiweke raba mezani aone kama imesimama wima, abonyeze povu aone kama linarudi. Ila ya kaboni ya mtumba aiache hukohuko. Povu la raba hizi linachoka mapema, na kwa macho huwezi kujua ilishakimbia kilomita ngapi. Chenji ikibaki, inunue soksi nzuri.

MLIMA ULISHASEMA ZAMANI

Kinachochekesha ni kwamba haya yote yanatokea chini ya mlima ambao neno lake maarufu kuliko yote ni polepole. Waongozaji wa Marangu na Machame wanalirudia kutwa nzima kwa wageni, lugha zote duniani zimelijua. Kilele kiko mita 5,895, na njia ya kukifikia haijali mgeni ana koti la bei gani. Wapo wanaokuja na vifua vya mazoezi na buti za gharama, siku ya kwanza wanapita kila mtu kwa majigambo, usiku kichwa kinapasuka na kesho yake wanateremshwa. Wapagazi wenye mizigo kichwani wanawapisha njiani na kuwapa pole.

Hakuna aliyewahi kumwita muongozaji wa Kilimanjaro mtu wa kuchelewa. Anajua kwamba mwili unahitaji muda wa kuzoea, na muda huo hauuzwi. Mtoto wa Moshi ameyasikia haya tangu tumboni, halafu anakuja kudanganywa na video ya sekunde 30. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwaka jana ukingo wenyewe ulikuwa siti ya nyuma ya boda.

Kwa hiyo kwa staa, kwa heshima zote. Hakuna anayeomba aache kuuza, mjini kila mtu ana mchongo wake. Kinachodaiwa ni kidogo sana: video moja. Aiweke mbele ya kamera ile raba yake ya kawaida, iliyochoka, yenye vumbi la Rau. Aseme hii ndiyo iliyonijenga, hii nyingine ni ya siku ya mbio, na wewe unayeanza leo bado hujaifikia. Aseme pia nani alilipia hizo jozi tatu. Mangi wa begi atapoteza wateja wachache msimu huu. Dada mwingine wa saluni atabaki na kiti chake.

Na kwa dada wa Pasua: ile ya mtumba ya elfu 25 haikuwa ya kishamba. Ilikuwa saizi ya safari yake, na ilikuwa inampeleka. Mguu ukipona, ianze nayo tena, kilomita 2 kama mwanzo. Februari ijayo ipo, na Mweka haihami.

Wadau, raba yako ya kwanza ya mbio ulinunua bei gani, na mguu ulisemaje? Tiririka hapo chini. Na kama staa mwenyewe anapita hapa, uwanja ni wake.